Vyuma vya Baba Elia

Simu iliita wakati Epifania anasugua sufuria iliyounguza maharage, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa masizi matupu, akaipokea kwa kidole cha mwisho. Alikuwa mumewe, Wolfgang, anapiga kutoka Buffalo. Hakuanza na salamu. Mtu aliyelelewa Marangu, ambako hata mwizi wa ndizi akikukuta shambani hukuamkia kwanza, akianza maneno bila salamu ujue nyumba inaungua.

"Mama Elia," alisema, "wanataka kila mtu aje na vyuma vyake."

Epifania alielewa mara moja, akakaa chini palepale jikoni, sufuria mapajani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kule Buffalo kuna watu walinunua ghala la nafaka lililotelekezwa kando ya mto, refu kama mnara wa kanisa. Ikifika baridi wanalimwagia ukuta maji kutoka juu hadi ugeuke barafu tupu, kisha watu wazima wenye akili zao wanalipa wapandishwe. Wakishajua kupanda wanapelekwa kwenye milima ya kweli. Kampuni hiyo ilitaka kiongozi mkuu, na Wolfgang alikuwa amepandisha watu Kilimanjaro sehemu kubwa ya ujana wake, tena si kwa njia ya watalii wa kupiga picha tu, bali hata upande wa magharibi kwenye barafu. Tangu wafike Louisville kazi yake ilikuwa kusukuma maboksi kwenye ghala la bidhaa, mpaka ghala likanunua mashine za kusukuma maboksi. Kwa hiyo wiki iliyopita alipanda basi akaenda kwa mwanawe Evans kujaribu bahati. Jaribio lenyewe Ijumaa mchana. Alidhani vifaa atapewa. Leo Jumatano ndiyo wanamwambia kila mtu na vyake, na vyake viko Louisville, uvunguni mwa kitanda.

"Nikienda mikono mitupu wananirudisha mlangoni," Wolfgang alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku amegeukia ukuta ili mtoto asisikie. "Wakinirudisha, Jumatatu naingia kiwandani Tonawanda na Evans, ameshaniombea nafasi. Hivyo vyuma uviuze."

Epifania aliwahi kuuza kitanda. Aliwahi kuuza cherehani yake aliyoipenda kuliko mashemeji wote. Katika miaka yote ya kubana, neno "uviuze" halikuwahi kutajwa karibu na vile vyuma, wala kwa utani.

"Ijumaa mchana?" aliuliza.

"Ijumaa mchana."

"Basi kata simu, unanichelewesha."

Vyuma alivivuta kwa mguu, maana mgongo wake ulikuwa umeshatoa taarifa kwamba haushiriki tena mambo ya uvunguni. Yakatoka mashoka mawili ya barafu, yenye midomo iliyochongoka kama ya korongo. Yakatoka meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Ukafuata mkanda mpana wa kiunoni na mapajani, ule mpandaji anaofungiwa kamba, na kamba yenyewe, nene, ya bluu, kofia ngumu, koti la manyoya ya bata, viatu ambavyo kimoja tu kingetosha kumzimisha mbwa, na mafungu ya pete za chuma yaliyolia kama kengele za mbuzi. Akavipanga kwenye begi kubwa la mgongoni na begi la turubai. Mabegi mawili, safi kabisa. Angenyamaza akaenda zake, mambo yangekuwa rahisi.

Lakini alimwambia Mama Bulonza wa ghorofa ya juu kwamba anasafiri. Na kwa watu wetu, ukisema unasafiri umeshafungua posta. Msafiri hasafiri na mzigo wake peke yake. Kufanya hivyo ni uchoyo. Na kumkatalia mtu kumbebea mzigo ni sawa na kumwambia ndugu zake wafe njaa na wewe unawaangalia.

Mama Bulonza, mtu wa Bukavu, mpole, mwenye sauti ya kuomba chumvi hata anapoomba ng'ombe, alishuka kabla chai haijapoa.

"Bon, Mama Elia, utanibebea kakintu kadogo tu kwa dada yangu Chimène. Alizala, donc hana nguvu ya kupika, na kule Buffalo anatamani chikwange mupaka anaiota. Iko kidogo, haina hata uzito."

Kakintu kadogo kalishushwa na watu wawili. Ilikuwa chikwange, ile mihogo iliyovundikwa, ikatwangwa, ikafungwa kwenye majani na kupikwa mpaka ikawa ngumu kama mpira, mikate mirefu mirefu imejaa begi zima. Baada yake akaja Masumbuko, fundi magari, na furushi la ndagala, wale dagaa wakavu, kwa binamu yake mwenye duka Grant Street. Likafika na la vitenge kutoka kwa mtu ambaye Epifania hakumjua vizuri, ila walikuwa wanasalimiana penye mashine za kufulia. Kufika jioni mlangoni kulikuwa na mifuko miwili mikubwa ya mistari, ile shangazi kaja, imevimba hadi zipu zinaomba msaada.

Epifania aliihesabu mizigo yake kwa macho, akaona ni mingi, akaamua kutoihesabu tena.

Binti yao Eliakunda alimpokea Alhamisi kwenye kituo cha mabasi cha Columbus. Eliakunda ni muuguzi, mtu wa mpangilio, anayepiga pasi hata mashuka. Alimwona mama yake ametoka kwenye basi kama mkimbizi wa nchi nne, shoka moja limetoboa turubai na kuchungulia nje, dereva kamkodolea macho, na abiria mmoja kampisha njia zaidi ya adabu inavyodai. Kabla ya kumwamkia alimnong'oneza kwamba watu wanawaangalia.

"Waache waangalie," Epifania alisema. "Macho hayalipiwi. Shikamoo yangu iko wapi?"

Nyumba ya Eliakunda iko Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, ina zulia jeupe ambalo hata mwenyewe analikanyaga kwa woga. Ndagala walilazwa gereji, kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Mpango ulikuwa kesho alfajiri Epifania apande basi la Buffalo. Walipokuwa wanakula, mtangazaji wa televisheni akasema theluji ya ziwa imeifukia barabara kuu ya kuingilia Buffalo, malori yamekwama, mabasi yote yamesimamishwa hadi Jumapili.

Eliakunda aliweka uma chini. Uso wake ulijaribu kuhuzunika, ukashindwa.

"Basi, Mama. Mungu ameshaamua."

"Mungu hajasema neno. Aliyesema ni yule mwenye tai."

Ndipo yaliyokuwa moyoni mwa binti yakatoka. Alisema baba ana miaka karibu sitini. Alisema magoti yake anayajua yeye aliyeyapaka dawa. Akitundikwa kwenye barafu akadondoka, ni nani atakayemuuguza, kama si yeye? Kiwandani kuna bima, kuna likizo, kuna kiti wakati wa chakula. Alisema na lile lililomuuma zaidi, kwamba alishawaambia wenzake kazini baba yake ni mstaafu, na sasa aseme nini, kwamba mstaafu anaparamia maghala?

Epifania alimwacha amalize, kama unavyoacha mvua.

"Elia, baba yako tangu tuingie nchi hii kazi yake ni kushuka. Alishuka kwenye ndege, akashuka cheo, akashuka mshahara, siku nyingine nilimkuta ameshuka mabega mpaka shati lilikuwa linamtoka. Mwache mara moja apande."

Eliakunda alisukuma sahani pembeni. Alichukua simu, akaanza kupekua. Columbus ni mji wenye madaktari wa meno ya paka, lakini treni ya kubeba abiria haina. Louisville nayo haina, ina zile za mizigo tu za kupiga honi na kupita. Treni ya Buffalo ilikuwa inapita Cleveland, kando ya ziwa, mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari. Theluji haikuwa imeizuia. Nafasi ilikuwepo.

"Nitakupeleka," alisema, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino. "Lakini mimi sitabeba shoka mbele za watu."

Kituo cha treni cha Cleveland ni kidogo, chumba cha viti vya chuma na dirisha la tiketi, na asubuhi ile treni ilikuwa imechelewa kwa theluji, kwa hiyo abiria wote walikuwa wamekaa wanasubiri, hawana cha kutazama. Epifania na mizigo yake minne wakawa ndio sinema.

Mama wa tiketi alikuwa mtu mzima, mweusi, miwani ameifungia mnyororo shingoni. Hakuwa mkali, ila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushika kanuni kama fimbo ya kutembelea. Alisema kila abiria ni mabegi mawili, basi. Mizigo ya ziada ilikuwa na behewa lake, lakini leo hakuna mtu wa kuipakia, kashindwa kufika kwa theluji. Akainama akaona lile shoka linalochungulia. Akaomba aonyeshwe vilivyomo. Begi likafunguliwa mbele ya chumba kizima, mashoka yakalazwa sakafuni, meno ya chuma yakalia, na jamaa mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa akasogeza miguu yake.

Vya kuchoma, alisema yule mama, haviingii kwa abiria vikiwa wazi. Kila ncha ifunikwe kwa kitu kigumu kisichotoboka, yeye mwenyewe akiikagua akiridhika ndipo vipakiwe. Karatasi hapana. Nguo hapana. Treni ikifika haitasubiri.

Eliakunda alitafsiri yote, masikio yakimchoma kwa aibu, kisha akamwambia mama yake kwa Kiswahili cha haraka kwamba wapunguze. Mifuko ya majirani irudi Gahanna, ataituma kwa posta wiki ijayo, hakuna atakayekufa.

"Mzigo wa mtu ni amana," Epifania alisema.

"Basi vyuma ndivyo virudi."

"Vyuma ndiyo safari."

"Mama, kimoja lazima kibaki. Hii si Moshi, huwezi kumpa kondakta soda."

Epifania alijua binti yake kasema kweli, na hapo ndipo alipotishika. Mpaka dakika ile alikuwa hajaogopa. Aliona wazi Wolfgang amesimama mlangoni mwa lile ghala, mikono mifukoni, anaambiwa asante kwa kuja. Akamwona Jumatatu amevaa koti la kiwandani lililoandikwa jina kwa Kizungu, Evans anamwonyesha pa kutundikia kofia. Kosa lingekuwa la nani? La mke aliyekwenda vitani amebeba chikwange za watu.

Akaitazama mifuko. Akaiangalia kwa hasira, kama unavyomwangalia mgeni asiyeaga. Kisha akainama, akafungua zipu, akatoa chikwange moja, akaiminya kwa dole gumba. Haikubonyea. Akachukua shoka, akalielekeza mdomo, akalikandamiza kwa uzito wake wote, na uzito haukuwa haba. Mdomo wa shoka ukazama ndani ya chikwange mpaka ulipoanzia, ukanata humo. Akalitikisa. Halikutoka.

Jamaa wa kahawa akaweka kikombe chini.

"Elia," alisema, "piga magoti unisaidie."

Na Eliakunda wa mashuka ya pasi, aliyeapa hatabeba shoka mbele za watu, alitazama kulia, akatazama kushoto, akavua glavu zake, akapiga magoti. Wakavalisha kila jino la chuma chikwange yake, ncha za juu, ncha za mipini, moja baada ya nyingine, mpaka vile vyuma vya kutisha vikawa kama mtoto aliyefungwa bandeji mikono yote. Begi la mihogo likabaki tupu, likakunjwa. Tatizo moja likawa limemeza lingine.

Ukabaki mfuko wa ndagala na vitenge, nao ulikuwa mmoja wa ziada. Epifania akamuuliza mama wa tiketi, kupitia kwa binti, kama mtu anahesabiwa na alichovaa. Yule mama alivua miwani, akaivaa tena. Alisema hapana, alichovaa mtu ni chake.

Basi akavaa. Akavaa koti la manyoya ya bata juu ya kitenge na masweta yake, likamfika magotini. Viatu vya Wolfgang akavivalia soksi tatu na kipande cha kitenge cha yule mtu wa mashine za kufulia. Mkanda wa mpandaji akaufunga juu ya kila kitu, mapajani na kiunoni, na pete za chuma zikaning'inia zinalia. Kamba ya bluu akaipitisha begani kama mgolole. Ndagala wakaingia nafasi ya viatu kwenye begi la mgongoni, vitenge vikawa godoro la vyuma. Mwisho akaweka kofia ngumu juu ya kilemba, akafunga mkanda chini ya kidevu. Mabegi mawili mkononi, na mama mmoja mpana sana.

Mama wa tiketi alitoka nyuma ya dirisha kuja kukagua. Alibonyeza chikwange moja kwa kidole, akainusa, akauliza ni nini.

Eliakunda alisimama wima, akafuta magoti, akamjibu kwa sauti ileile anayotumia kwa madaktari kwamba hivyo ni vifuniko vya asili, kutoka Afrika ya Kati, vinatumiwa na wazee.

Yule mama alimtazama Epifania kuanzia viatu hadi kofia, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika dirisha. Kisha akagonga tiketi. Aliyekuwa anakunywa kahawa akapiga makofi, na wengine wakafuata, hata wasiojua kwa nini. Treni iliponguruma, ni Eliakunda aliyebeba begi la mashoka mpaka mlangoni, begani, bila kulificha.

Ndani ya behewa Epifania alikaa viti viwili, kimoja chake na kimoja cha mkanda. Nje ziwa lilikuwa jeupe mpaka likachanganyika na mbingu. Mzungu mmoja mzee wa kiti cha pili alimuuliza kwa heshima anakwenda kupanda mlima gani. Kiingereza cha Epifania ni cha sokoni, lakini neno mlima analijua, na jina la mlima ambao unaonekana kutoka kwenye mlango wa jiko la mama yake analijua zaidi.

"Kilimanjaro," alisema, akaelekeza kidevu mbele, treni inakoenda.

Hakusema uongo. Alitaja jina tu, na kutaja jina hakujamfunga mtu. Lakini mzee yule alimwambia wa nyuma yake, na wa nyuma akamwambia wa upande wa pili, na treni ilipopita Erie behewa zima lilikuwa linajua kwamba bibi huyu wa Kiafrika anajiandaa na mlima mkubwa, na kwamba ndiyo maana anazoea viatu. Akaletewa kahawa. Akapigwa picha akiwa amekunja uso kishujaa. Kijana mmoja mwenye ndevu alimwomba ushauri wa mazoezi, naye akamwambia kwa maneno matatu na mikono miwili kwamba abebe ndizi, asubuhi na jioni, kupanda na kushuka. Kijana akaandika kwenye simu yake. Kondakta alipita mara mbili akinusanusa hewa, akaangalia chini ya viti kama kuna mnyama aliyekufa. Epifania naye akanusanusa, akaangalia chini ya kiti chake kwa wasiwasi mkubwa, akamtikisia kichwa kwa huruma.

Kabla ya Buffalo treni ilikimbia sambamba na barabara kuu. Malori yalikuwa yamezama kwenye theluji mpaka vioo, mstari usio na mwisho, na mabasi mawili katikati, yamefunikwa kama ng'ombe waliolala. Epifania aliliona lile basi ambalo lingembeba, au ndugu wa basi hilo. Akalipungia mkono wa glavu, taratibu, kama malkia.

Halafu treni ikasimama. Theluji ilikuwa kwenye njia, wakasema, inafagiliwa. Behewa lilinung'unika. Yeye hakunung'unika, alikaa na mikono juu ya kamba, akiangalia jua likipita nyuma ya mawingu. Wenye treni walifagia kama watu wanaolipwa kwa siku. Mchana ulikuwa umeanza kulegea magurudumu yalipozunguka tena.

Wolfgang na Evans walikuwa kituoni tangu asubuhi. Waliona treni inatema abiria mmoja mmoja, kisha ukatoka mlio wa kengele za mbuzi, na nyuma ya mlio kofia, na chini ya kofia mke wa mtu. Evans alifungua mdomo. Wolfgang alimkimbilia, magoti mabovu na yote, akamshika mabega ya lile koti lake, akapiga goti moja kwenye theluji na kuanza kumfungua ule mkanda wa mapajani.

"Polepole, Baba Elia," alimwambia. "Hapa ni mbele za watoto."

Kwenye ghala la mto, wengine walikuwa wameshapanda na kushuka, vijana wenye nguo za rangi za kung'aa, wanakunywa chai ya moto. Bosi alikuwa mwanamke mwembamba, nywele kazisuka msuko mmoja, saa mkononi. Alisema kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi, kwamba muda umekwisha na mwanga unakwenda. Evans akatafsiri, akainamisha kichwa.

Wolfgang alikuwa ameshavaa koti na viatu vyake, amekaa kwenye ngazi anafungua begi. Akalitoa shoka la kwanza, akaing'oa chikwange, na kwa kuwa alikuwa hajala tangu asubuhi, akaimega akaitia mdomoni. Akang'oa ya meno ya viatu, akamega, akatafuna. Vijana wakaacha chai. Bosi alimtazama mwanamume mwenye mvi anayekula vifaa vyake kimoja baada ya kingine, bila haraka, akivipangusa na kuvifunga miguuni kila ncha ilipobaki wazi. Na labda alikuwa hajawahi kuona mtu anayejiandaa hivyo, kwa sababu hakusema tena habari za muda. Akaashiria mtu ashike kamba.

Wolfgang akaiegemea ile barafu, akaigonga kwa kifundo cha kidole kama anabisha hodi, akaanza kupanda.

Epifania aliishi na mpanda mlima zaidi ya nusu ya maisha yake, na hakuwahi kumwona akipanda. Wake za wapandishaji hubaki chini. Mume hupita geti, mawingu humeza, baada ya siku kadhaa hutemwa ananuka moshi, anataka uji. Alichokuwa anakijua yeye ni soksi. Sasa alirudisha shingo nyuma akaona. Shoka liligonga mara moja tu, likakaa. Mguu ukafuata, ukagonga mara moja, ukakaa. Yale mabega aliyoyaona yakishuka mwaka hadi mwaka yalikuwa yamefunguka kama mlango wa zizi asubuhi. Hakuna alipohangaika, hakuna aliporudia. Wale vijana walikuwa wamepanda kwa kupigana na barafu. Huyu alikuwa anapanda kama mtu anayerudi kwake kwa njia anayoijua, anayesimama hapa na pale kuwasalimu majirani. Pale palipokuwa na mbinuko, ambapo theluji imetengeneza kama paji la uso, alitulia kidogo. Epifania akasahau kupumua. Kisha shoka likapita juu ya paji, mwili ukafuata, na akawa hayupo, kapita ukingo, kasimama juu ya ghala na anga la Buffalo lote nyuma yake.

Evans alikuwa analia, akijifanya ni baridi. Kiwanda cha Tonawanda hakikutajwa tena siku hiyo na nyumba ile.

Aliposhushwa, bosi alimpa mkono, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache, alisema machache: aanze Jumatatu, na vijana wote wale wawe chini yake. Kisha akauliza kwa utani, akimwonyesha Epifania aliyekuwa ameshairudisha kofia kichwani, kama na huyu naye anapanda.

Wolfgang alimtazama mkewe. Akaokota mkanda.

"Mama Elia?"

"Na magoti haya?"

"Magoti yako nayajua."

Wakamvisha tena viatu, safari hii na meno yake, wakamfunga mkanda, mume upande huu, mwana upande ule, juu ya masweta na kitenge. Vijana wakashuka ngazi kuja kuona. Wolfgang mwenyewe akashika kamba, akamwonyesha pa kugonga. Aligonga mara ya kwanza barafu ikamrukia usoni. Ya pili shoka likakaa. Akapachika mguu mmoja, akapachika na wa pili, akavuta huku akiita watakatifu wa parokia yake kwa majina. Ardhi ikamwachia. Alipanda hivyo hivyo, kishindo kwa kishindo, hadi urefu wa paa la banda la kuku, hapo pumzi ikaisha, akaning'inia, ameikumbatia barafu kwa tumbo zima.

Wolfgang akamwambia inatosha, amefanya vizuri sana, sasa atamlegezea kamba ashuke.

Epifania aligeuza kichwa polepole. Kutoka pale aliweza kuona utosi wa bosi, utosi wa Evans ulioanza kupata upara bila kumwambia mama yake, magari, mto umeganda, na wazungu wamesimama chini wameinua nyuso zote, wanamsubiri yeye.

"Ngojeni," alisema. "Mnaharakia wapi? Bado naangalia."